Maji ya Iringa Hayachemki kwa Nyuzi 100

Siku ya kwanza nilipoingia katika maabara ya shule moja ya sekondari ya kata, nje kidogo ya mji wa Iringa, nilikuwa nimebeba hotuba. Mwalimu wa fizikia wa shule ile, ambaye tulisoma naye kidato kimoja miaka mingi iliyopita, alikuwa ameniomba nije kama mhandisi wa maji niwaeleze vijana wa klabu ya sayansi uzuri wa kazi yangu, nami nilijiandaa kusema yale ambayo wageni wa namna yangu husema: someni kwa bidii, taifa linawahitaji, msiogope hesabu. Hotuba ilichukua dakika kumi na mbili. Vijana walipiga makofi kwa adabu, kisha wakanitazama kama watu waliokwisha kuyasikia maneno hayo mara nyingi, na kwa kuwa tulikuwa bado na saa nzima, mwalimu akapendekeza tufanye jaribio dogo ili muda usipotee bure.

Tulichagua jaribio jepesi kuliko yote. Wanafunzi waligawanyika katika makundi sita, kila kundi na jiko lake la mkaa na sufuria ndogo, na vipimajoto vinne vya kupokezana. Kazi yao ilikuwa kuchemsha maji, kusoma joto kila baada ya dakika moja, kuandika na kuchora grafu. Nilizunguka kutoka jiko hadi jiko nikiangalia. Maji yalipoanza kutokota, kipimajoto kilisimama kwenye 95 na hakikupanda tena hata mkaa ulipochochewa. Nilikiona kwa macho yangu, na katika makundi yote ilikuwa hivyo hivyo, kwa tofauti isiyozidi nyuzi moja.

Ripoti zilipokusanywa, zote sita zilionyesha kwamba maji yalichemka kwa nyuzi 100. Katika moja, karatasi ilikuwa imekwaruzwa mahali pale kwa kifutio, na ukiinua karatasi kuelekea dirishani uliweza bado kuisoma 95 iliyofutwa.

Nilipouliza kulikoni, darasa lilinyamaza kwa muda mrefu, mpaka binti mmoja wa kidato cha pili aliyeketi nyuma akasimama. "Samahani, injinia," akasema, "vipimajoto hivi ni vibovu. Kitabu kinasema mia." Nikamuuliza inawezekanaje vipimajoto vinne viharibike kwa kiasi kile kile kimoja. Hakujibu, lakini alibaki amesimama, na nilipomwangalia nikatambua kwamba kwa mara ya kwanza tangu niingie mle ndani kulikuwa na mtu aliyekuwa akifikiri.

Mji wa Iringa umejengwa juu ya mlima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huku juu hewa inayotulemea ni chache kuliko ile inayowalemea watu wa Tanga au Dar es Salaam, na maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Hewa ikipungua, maji hayahitaji joto jingi ili yatokote. Kwa kukadiria, kila unapopanda mita 300 hivi, joto la kuchemka hushuka kwa uzi mmoja. Ukipiga hesabu hiyo kwa Iringa utapata nyuzi 95, zile zile zilizokuwa zikisomwa na vipimajoto vilivyoitwa vibovu. Kitabu hakikukosea, kwa sababu kitabu kinazungumzia maji yaliyo usawa wa bahari. Hakuna aliyewaambia vijana wale kwamba wao hawaishi usawa wa bahari.

Mwalimu rafiki yangu hakushangaa hata kidogo. Aliniambia kwamba wanafunzi wamezoea kupika data, na kwamba hawapiki kwa sababu ya uvivu. Wanapika kwa sababu wanajua mtihani wa taifa unataka nini, na mwanafunzi mwenye akili hujifunza mapema kuandika kinachotakiwa badala ya anachokiona. Yeye mwenyewe, akiwa na vidato vinne vya kufundisha na mada za kumaliza kabla ya mtihani wa majaribio, hana nafasi ya kusimama katikati ya kipindi cha dakika arobaini na kujadili nyuzi tano zilizopotea. Simlaumu. Lakini hapo ndipo nilipoelewa klabu ya sayansi ni ya nini, na nikaiweka hotuba yangu mfukoni, nami sijaitoa tena mpaka leo: klabu ni mahali pekee pale shuleni ambapo mtoto anaweza kuandika 95 na asikatwe alama.

Nasema haya kwa sababu shughuli nyingi za kuwavutia vijana katika sayansi na uhandisi, kwa kadiri nilivyoziona, zinapangwa kwa kudhani kwamba vijana wanachokosa ni hamasa. Analetwa rubani, analetwa daktari, wanafunzi wanapanda basi kwenda kutazama mtambo, wanapiga picha, wanarudi. Mwezi mmoja baadaye, wakati wa kuchagua mchepuo ukifika, idadi ya wanaochagua fizikia na kemia ni ile ile. Mimi nadhani hamasa wanayo tele; mtoto wa miaka kumi na minne anayefungua redio ya baba yake ili aone kilichomo ndani hahitaji kuhamasishwa na mtu yeyote. Anachokosa ni ruhusa ya kuamini anachokiona.

Na hapa Iringa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu, lakini nafasi ya jokofu ilikuwa finyu na wanafunzi waliigombania. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, aliyaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu akakuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake, aliyeweka maziwa yasiyochemshwa kabisa, bado ni uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Baadaye, kwenye likizo, aligundua kwamba wauza aiskrimu wa mjini Tanga walikuwa wakiweka mchanganyiko wa moto makusudi kwa sababu huganda haraka. Wao walikwisha kujua. Hawakuwa na mwalimu wa kuwaambia haiwezekani. Kisha Mpemba akaja kusoma hapa Iringa, Mkwawa, ambayo leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, na alipouliza tena akaambiwa kwa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya dunia. Tangu hapo kila alipokosea hesabu darasani, wenzake walimtania kuwa hayo ni mahesabu ya Mpemba. Alichofanya ndicho kinachonifurahisha kuliko yote: siku moja aliikuta maabara ya baiolojia iko wazi na hakuna mwalimu, akachukua bika mbili, akatia maji ya bomba katika moja na maji ya moto katika nyingine, akaziweka kwenye jokofu. Hiyo, kwa maana halisi, ilikuwa klabu ya sayansi ya mtu mmoja.

Wakati huo huo Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifika Mkwawa kutoa mhadhara, na maswali yalipokaribishwa Mpemba akasimama kuuliza kwa nini maji yaliyoanza yakiwa na nyuzi 100 huganda kabla ya yale yaliyoanza yakiwa na nyuzi 35. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, aliahidi kulijaribu jambo hilo, na aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara alifanye. Katika makala waliyoandika pamoja, Mpemba na Osborne, yaliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, Osborne anasimulia kwamba fundi yule aliripoti kuwa maji ya moto yalitangulia kuganda kweli, kisha akaongeza kwamba wangeendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Kila nikiisoma sentensi hiyo huikumbuka ile 95 iliyofutwa.

Hadithi hii nimeisimulia klabuni mara nyingi, na naona wajibu kuisimulia hadi mwisho wake, ambao wengi huukata. Athari ya Mpemba, kama inavyoitwa duniani kote, bado inabishaniwa. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kuieleza na kupokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba wao hawakuiona, na kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunatosha kuleta matokeo ya kupotosha. Baadhi ya walimu wameniomba sehemu hiyo niiache, kwa sababu inampunguzia shujaa wetu heshima. Mimi naona inamwongezea. Kijana wa kidato cha tatu aliuliza swali ambalo zaidi ya nusu karne baadaye maprofesa bado wanalitolea jasho, na kwa vijana wa klabu ndiyo sehemu iliyowafanya wakae wima, kwa maana waligundua kwamba swali hilo bado liko wazi na wao wanaruhusiwa kulishika.

Walilishika. Mama mmoja jirani na shule anayeuza barafu na ubuyu wa kugandisha alikubali kutupa kona ya friza lake kila Jumatano jioni, kwa sharti kwamba tusimfungulie mfuniko ovyo. Katika majaribio kumi na mawili, maji ya moto yalitangulia mara tatu. Mjadala uliofuata ulikuwa bora kuliko mhadhara wowote ninaoukumbuka kutoka chuoni: mmoja akasema vikombe vilivyowekwa karibu na ukuta hupoa haraka, mwingine akasema siku mojawapo wateja walikuwa wengi na mfuniko ulifunguliwa mara kwa mara, wa tatu akaona kwamba kikombe cha moto kiliyeyusha theluji iliyokuwa chini yake na hivyo kikakaa vizuri zaidi juu ya bati lenye baridi. Kisha wakabishana juu ya neno lenyewe: kuganda ni nini, ni utando wa kwanza juu ya maji au ni kikombe kizima kuwa jiwe? Hawakupata jibu. Walipata namna ya kupanga jaribio la kumi na tatu.

Mabishano hayo yalifanyika kwa Kiswahili, na hili nataka nilisemee kidogo. Sekondari zetu zinafundisha sayansi kwa Kiingereza, na sina nia ya kufufua hapa ubishi wa zamani kuhusu sera. Lakini nimeona kwa macho yangu kijana ambaye darasani hufungua mdomo pale tu anapotajwa jina, akigeuka kuwa wakili mara anaporuhusiwa kusema kwa lugha anayoiota usiku. Swali la kweli huwa halijapangika vizuri linapozaliwa. Linakuja likiwa na kigugumizi, na ukimlazimisha mtoto kulitafsiri kabla hajalimaliza kulifikiri, atalimeza. Klabuni tunauliza kwa Kiswahili, tunabishana kwa Kiswahili na mara nyingine Kihehe, kisha siku ya kuandika ripoti ndipo tunatafuta maneno ya Kiingereza pamoja. Kwa mpangilio huo Kiingereza chao cha fizikia nacho kimekuwa bora, kwa sababu sasa wana kitu cha kusema.

Ziara nazo zina nafasi yake, ila mtu asafiri akiwa na swali mkononi. Mwaka wa pili wa klabu tuliandika barua nyingi, tukapata ruhusa na basi dogo, tukaenda Mtera. Barabara ya Dodoma hushuka milima ya Nyang'oro na kuingia kwenye bonde lenye joto la mibuyu, na wanafunzi, ambao sasa walikuwa na desturi hiyo, walibeba kipimajoto, sufuria na chupa ya maji ya Iringa. Kituo cha Mtera huzalisha megawati 80, na nilijitahidi kuwaeleza jambo ambalo kwangu ndilo tamu zaidi katika uhandisi wa mto ule: bwawa la Mtera lilijengwa kwanza kama ghala la kuihifadhia maji mitambo ya Kidatu iliyo chini zaidi kwenye Ruaha Mkuu, yenye megawati 204, kisha ndipo Mtera nayo ikawekewa mitambo yake mwaka 1988, hivyo maji yale yale hufanya kazi mara mbili kabla ya kuendelea na safari yake kuelekea Rufiji. Walisikiliza vizuri. Lakini walichokisubiri kilikuwa nje ya geti, kwa akina mama wanaokaanga samaki kando ya barabara, ambako mmoja wao alituazima jiko kwa mshangao mkubwa. Usawa wa bwawa likijaa ni mita 698.5. Vijana walikuwa wamepiga hesabu njiani na kuandika utabiri wao kwenye karatasi iliyokunjwa. Maji yalichemka kwa nyuzi 97 na nusu hivi, na kelele zilizopigwa pale zilifanya madereva wa malori watoke kutazama kama kuna ajali.

Yule mama wa samaki akauliza tunafurahia nini. Binti wa kidato cha pili, ambaye wakati huo alikuwa wa tatu, akamwamkia na kumweleza kwamba maji ya kwake ni ya moto kuliko ya Iringa. Mama akajibu kwamba hilo analijua. Dada yake ameolewa Iringa na hulalamika kila siku kwamba maharage ya huko hayaivi. Basi zima lilinyamaza. Wote walikuwa wamekula maharage hayo maisha yao yote, wametumwa kuongeza kuni mara elfu, na hakuna aliyewahi kuyaunganisha maharage ya mama na mstari wa grafu. Njiani kurudi walikuwa tayari wanapanga mradi: sufuria yenye mfuniko uliokazwa dhidi ya sufuria ya kawaida, gramu za mkaa zinazotumika, dakika za kuiva.

Mradi huo tuliupeleka kwenye maonyesho, na hapa nina maoni yanayoweza kuwaudhi baadhi ya wenzangu. Maonyesho ya sayansi ya wanafunzi ni jambo jema. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa kufuata mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyoanza mwaka 1965, imewapa vijana wa shule za kata nafasi ya kusimama mbele ya watu wasiowafahamu na kutetea kazi yao, na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya serikali yaliyoanza mwaka 2019, yamemfungulia mlango hata fundi wa mtaani ambaye hakumaliza shule. Tatizo ninaloliona liko huku kwetu shuleni, katika maandalizi. Shule nyingi hutafuta kifaa kitakachomvutia mgeni rasmi: taa inayojiwasha, kengele ya mwizi, kitu chenye waya nyingi. Kinanunuliwa, kinaunganishwa na mwalimu au kaka aliye chuoni, na mwanafunzi anakariri maelezo. Hiyo nayo ni kupika data, ila kwa gharama kubwa zaidi. Afadhali sufuria ya maharage na daftari lenye vipimo ishirini vilivyochukuliwa na mikono ya watoto wenyewe. Hatukushinda kitu. Hakimu mmoja, hata hivyo, alikaa kwenye meza yetu dakika ishirini akiuliza tulipimaje mkaa.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Vipimajoto, uzi wa kupimia, mizani ya dukani iliyokwisha kustaafu, vijiti vya mishikaki na gundi kwa ajili ya kujengea madaraja. Hivyo vyote havifikii gharama ya jezi za timu moja inayokwenda UMISSETA. Muda ndio ghali. Mwanzoni tulikutana Jumamosi, na wasichana walikuwa watatu tu kati ya vijana thelathini, nikadhani ni yale yale ya siku zote kwamba wasichana hawapendi fizikia, mpaka mwalimu wa nidhamu, mama makini sana, akaniambia kwa upole kwamba Jumamosi ni siku ya kufua, kuchota maji na kwenda sokoni. Tukahamia Jumatano saa nane na nusu, ndani ya muda wa shule. Muhula uliofuata wasichana walikuwa kumi na wanne.

Ukutani mwa maabara ile sasa kuna karatasi kubwa ya grafu, upande mmoja mita kutoka usawa wa bahari, upande mwingine joto la maji kuchemka. Nukta ya Tanga ililetwa na kijana aliyekwenda likizo kwa shangazi yake: 100 kamili, na aliiandika kwa dharau kidogo, kana kwamba ndiyo ya ajabu sasa. Nukta ya Mtera ipo, ya Iringa ipo mara sita, kwa kuwa makundi yote sita yalidai kurudia kipimo chao na kukisahihisha. Upande wa juu wa mstari bado ni mtupu. Yule binti amehamia Makete kufuata wazazi wake, karibu na uwanda wa Kitulo, na kabla hajaondoka alipiga hesabu na kuandika kwa penseli mahali anapotarajia nukta yake iangukie, kati ya 91 na 92. Aliazima kipimajoto kimoja kati ya vile vinne, akakifunga ndani ya soksi ili kisivunjike njiani, na ameahidi kupiga simu akishachemsha maji.